Kabla ya Mashine Kusogea

(Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa stima, mwanachama wetu, katika mkutano wa wafanyakazi wa viwanda mjini Eldoret. Twayapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile wasiweze kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya mashine zinazosukumwa na mafuta na kuongozwa na kompyuta: jinsi waya zake zinavyokaguliwa, na jinsi mafuta yake yanavyowekwa tayari kabla ya kazi kuanza. Najua wako watakaosema hiyo ni habari ya mafundi. Lakini fundi akiisha kukaza boliti ya mwisho huenda zake nyumbani, na atakayetia mkono katikati ya mabamba ya presi asubuhi ni wewe. Kwa hiyo nitasema kwa maneno ambayo kila mtu anaweza kuyashika, na mafundi wenzangu mtanivumilia nikirudia mambo mnayoyajua.

Mji wetu umekuwa mji wa viwanda kwa muda mrefu. Tuna nguo, tuna mbao na plaiwudi, tuna maziwa, tuna unga. Zamani mashine nyingi ziliongozwa kwa mkono: mtu alivuta wenzo, vali ikafunguka, pistoni ikaenda, alipoachia, pistoni ikasimama. Sasa mambo yamegeuka. Kiwanda cha Rivatex, kwa mfano, ambacho kilianza miaka ya 1970 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kilifunguliwa tena mwaka 2019 kikiwa na mashine mpya kutoka ng'ambo. Viwanda vingine navyo vimeleta mashine za namna hiyo, nyingine mpya, nyingine zilizochakaa huko zilikotoka. Katika mashine hizi hakuna tena mkono wa mtu kwenye wenzo. Kuna waya nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, na ndani yake unapita umeme mdogo sana ambao hata ukiushika hausikii kitu, na huo ndio unaoamrisha tani sitini.

Nikisema tani sitini sitii chumvi. Chukueni silinda yenye kipenyo cha sentimita 20, si kubwa, presi nyingi zinazo kadhaa za namna hiyo. Uso wa pistoni yake ni sentimita mraba 314. Geji ikionyesha kilo 200 kwa kila sentimita mraba, pistoni hiyo moja inasukuma kwa uzito wa karibu tani 63. Lile lori refu la ekseli saba linalopita hapa mjini kwenda Malaba, sheria ya barabara inaliruhusu tani 56 pamoja na mzigo wake. Basi fikirini lori hilo zima limekaa juu ya kiganja kimoja cha mkono.

Sasa nieleze jinsi kompyuta inavyoiongoza pistoni. Kuna chombo kinachopima mahali pistoni ilipo, nitakiita kipimio. Kuna vali inayoachia mafuta yaende huku au kule. Katikati iko kompyuta ndogo ndani ya kabati la waya. Kompyuta inakiuliza kipimio, mara nyingi sana katika sekunde moja, "Pistoni iko wapi?" Kipimio kinajibu, tuseme, "Iko themanini." Kompyuta imeagizwa mia. Basi inaona bado ishirini, inaipelekea vali umeme kidogo, pistoni inakwenda mbele. Kadiri pengo linavyopungua, ndivyo umeme unavyopunguzwa, hata pistoni inafika mia na kutulia.

Mmewaona utingo wakiongoza lori kurudi nyuma sokoni. Utingo anapiga ubavu wa gari, anasema "rudi, rudi, bado," na dereva anarudi polepole. Tuseme sasa dereva yule amefundishwa vibaya, akisikia "rudi" anakwenda mbele. Utingo anaona lori linazidi kuwa mbali, anapaza sauti zaidi, "Rudi!" Dereva anakanyaga mafuta zaidi, mbele. Hapo hakuna anayeweza kulisimamisha lori ila ukuta. Ndivyo inavyokuwa waya mbili za vali zikibadilishana mahali. Kompyuta inataka pistoni iende mia, pistoni inarudi sabini na tisa. Pengo limekuwa kubwa, kompyuta inaongeza umeme. Pistoni inakimbia zaidi kwenda kinyume. Yote haya humalizika kabla hujavuta pumzi. Na mashine haijavunjika, ndugu zangu. Kila kitu ndani yake ni kizima na kinatii. Ni waya mbili tu.

Kwa sababu hiyo, mtu asikubali presi itiwe katika mwendo wa kujiendesha yenyewe kabla ya jaribio moja, nalo ni rahisi. Mafuta yanawekwa kwenye nguvu ya chini kabisa inayoweza kuisogeza pistoni. Kompyuta inazuiwa isijirekebishe yenyewe. Fundi anaipelekea vali umeme mdogo, nusu volti ambapo kikomo ni volti kumi. Wenzake wanatazama mambo mawili: je, pistoni imekwenda upande ulioagizwa? Na je, namba ya kipimio imepanda, au imeshuka? Kama pistoni imekwenda mbele na namba imepanda, vema. Kama moja imekwenda kinyume, kitu kimoja kinageuzwa, kimoja tu, na kinaandikwa kwenye daftari. Wako mafundi wanaogeuza waya za vali, halafu wanageuza na namba kwenye kompyuta, wanarudi palepale walipoanza bila kujua. Wakati wote wa jaribio mtu mmoja, na awe mtu asiye na kazi nyingine, anasimama na mkono wake kwenye kitufe chekundu cha dharura. Na kitufe hicho kiwe kimejaribiwa kwanza, si kuaminiwa kwa sababu ni chekundu.

Nije kwenye rangi za waya, maana hapa Kenya jambo hili lina hatari yake ya pekee. Sisi wa zamani tulifundishwa kwa desturi ya Kiingereza: nyekundu, manjano na buluu ni waya tatu za moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ardhi. Majengo mengi ya viwanda vyetu yamefungwa hivyo mpaka leo. Mashine zinazofuata desturi mpya ya Ulaya zina kahawia, nyeusi na kijivu kwa waya za moto, na buluu ndiyo nyutro. Angalieni basi: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni moto, na buluu iliyokuwa moto sasa ni nyutro. Mashine za China nazo hutumia manjano, kijani na nyekundu kwa waya za moto. Yaani ile kijani ambayo mzee wa kazi anaijua kuwa ni ardhi, waya ambao unaweza kuushika bila wasiwasi, kwa Mchina una moto wa volti 415 kati yake na wenzake. Ukikuta kabati ambalo waya za desturi hizi tatu zimekutana, na mimi nimekuta zaidi ya moja, usisome rangi. Soma mita. Na ukiisha kupima, funga kitambulisho chenye namba kwenye kila waya, kwa sababu atakayekuja baada yako hatakukuta umesimama hapo kumweleza.

Liko jambo jingine la waya ambalo wengi hawalijui. Viko vipimio vinavyojibu kwa volti, tangu sifuri hadi kumi. Viko vingine vinavyojibu kwa mkondo, tangu miliampea nne hadi ishirini. Tofauti yake ni hii. Panya akila waya wa kile cha volti, kompyuta inaweza kusoma sifuri, na sifuri maana yake pistoni iko chini kabisa. Kompyuta inaamini, inaisukuma juu, inasoma tena sifuri, inaisukuma zaidi. Lakini waya wa kile cha miliampea ukikatika, kompyuta inasoma sifuri wakati ambapo hata pistoni ikiwa chini kabisa yapasa isome nne. Basi inaweza kujua kwamba hii si habari ya kweli, waya umekatika, ikasimamisha mashine. Lakini hiyo ni kama mtengenezaji au fundi ameiagiza ifanye hivyo. Waulizeni mafundi wa viwanda vyenu: chetu ni cha namna gani, na je, mmejaribu kuchomoa waya ule makusudi, presi ikiwa tupu na mafuta yakiwa kwenye nguvu ndogo, muone kama mashine inasimama? Hilo ni swali ambalo mwakilishi yeyote wa wafanyakazi anaweza kuuliza bila kuwa fundi.

Waya hizi ndogo za habari zisipitishwe njia moja na waya nene za mota. Mota ikiwaka, waya zile ndogo hupokea mtikisiko, na pistoni inaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Zile nyuzi za shaba zilizofumwa kuzunguka waya wa habari ni za kuzuia jambo hilo, na kwa kawaida hufungwa kwenye ardhi upande mmoja tu, upande wa kabati, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo. Na kuhusu kuchomelea, naomba sana: fundi wa kuchomelea akiitwa kutia kiraka kwenye fremu ya presi, kompyuta na vipimio vichomolewe kwanza, na kibanio chake cha ardhi kikae karibu kabisa na mahali anapochomea. Nimeona kibanio kimefungwa kwenye mguu wa mashine upande mmoja, na moto unawaka upande wa pili. Umeme ule mkubwa unatafuta njia ya kurudi, na njia mojawapo ni waya wa kipimio.

Sasa mafuta. Vitabu vya mashine vimeandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Uzito wake ni kama robo tatu na kidogo wa ule wa Mombasa. Hilo lina maana mbili kwetu. Ya kwanza, mota nyingi zimeandikwa nguvu zake kwa mahali pasipozidi mita 1,000. Hapa hewa haizipozi vizuri kama ilivyokusudiwa, kwa hiyo mota ambayo kule chini ingefanya kazi yake yote, hapa inataka kupunguziwa mzigo, asilimia kumi hivi, la sivyo inaungua kabla ya wakati wake, na lawama inapewa fundi. Ya pili ni juu ya pampu. Pampu iliyokaa juu ya tangi haivuti mafuta kwa nguvu zake peke yake. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma yapande. Hewa yetu ina nguvu kidogo, na alfajiri ya mwezi wa saba mafuta yameganda kama uji wa jana. Pampu inakosa mafuta, inaanza kulia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Mkisikia mlio huo msiseme "inapasha moto." Inajila. Simamisheni, mwangalie kichujio cha upande wa kuvutia na vali ya tangi kama imefunguliwa yote, kisha mafuta yapashwe joto polepole, bila mzigo, kabla ya kazi.

Kabla ya kuwasha pampu mara ya kwanza, nyumba ya pampu ijazwe mafuta kwa mkono ikiwa ni ya namna inayotaka hivyo. Halafu mota iguswe tu, iwashwe na kuzimwa papo hapo, mtu akitazama mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Waya mbili kati ya tatu za mota zikipishana, pampu inazunguka kinyume, na pampu inayozunguka kinyume bila mafuta huharibika upesi. Jaribio hili lirudiwe kila transfoma ya njia inapobadilishwa au mafundi wa stima wanapogusa waya za kuingilia kiwandani. Nyinyi hamkugusa kitu, lakini mzunguko umegeuka.

Juu ya uchafu nitasema kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Ndani ya vali hizi za kuongozwa na kompyuta, nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo mno, mikroni chache tu. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Kwa hiyo chembe ambayo jicho haliwezi kuiona inatosha kuikwamisha vali ikiwa wazi, na vali iliyokwama wazi haisikii tena amri ya kompyuta. Baada ya kufunga mabomba mapya, mafuta yazungushwe kwanza kupitia vichujio, vali zile nzuri zikiwa zimeondolewa na mahali pake kuwekwa bamba la kupitishia, kwa masaa mengi, hata kichujio kitoke safi. Msiwaamini wanaosema mafuta haya ni mapya, yametoka kwenye pipa sasa hivi. Mafuta mapya ya pipa si safi kwa kazi hii. Nayo yapitishwe kwenye kichujio yakiingia tangini. Na mapipa yenyewe, nenda nyuma ya stoo yoyote hapa mjini utayakuta yamesimama wima mvuani, maji yamejaa juu ya kifuniko. Usiku pipa linapoa, linavuta ndani, na linavuta maji yale pamoja. Lilazeni pipa ubavuni, au liwekeni chini ya bati. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa yameingia maji, na hayo hayafai.

Mnakumbuka mwaka 2018 serikali ilipozuia kukata miti katika misitu ya umma. Kazi ya mbao ilipungua, na mashine inayokosa magogo hulala. Mashine iliyolala miezi ihesabiwe kama mashine mpya. Panya wamekaa kabatini, unyevu umeingia kwenye plagi, mipira ya mafuta imekauka na kupasuka. Anayeiwasha kwa kubonyeza kitufe kama aliyeiacha jana anacheza na maisha ya watu.

Na jambo la mwisho katika mafuta ni lile linaloua. Ukizima swichi kubwa, umeme umekwisha, lakini nguvu ya mafuta haijakwisha. Mashine nyingi zina chupa ya akiba, chuma kizito chenye nitrojeni upande mmoja na mafuta upande wa pili. Chupa hiyo inaweza kusukuma pistoni mota ikiwa imezimwa tangu asubuhi. Lazima imwagwe kurudi tangini, na geji ya chupa yenyewe ionyeshe sifuri, si geji ya pampu, kwa sababu kati yao kuna vali isiyorudisha. Chupa hiyo hujazwa nitrojeni kavu peke yake. Mtu akileta mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa kuwa nitrojeni imekwisha mjini, mfukuzeni, kwani oksijeni ikikutana na mafuta yenye nguvu hulipuka. Bamba lolote lililo juu liwekewe kiegemeo cha chuma kabla mtu hajaingia chini yake. Mafuta hayategemewi kubeba mtu. Kila anayeingia atie kufuli lake kwenye swichi, ufunguo awe nao mfukoni mwake yeye, si wa msimamizi. Na mpira ukivuja, usitafute tundu kwa kidole. Pitisha kipande cha kadibodi. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano huingia chini ya ngozi, kidonda kinaonekana kidogo kama kuumwa na mbu, hakiumi sana, na mtu anarudi kazini. Huyo ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya mashine yaliyoingia kwa nguvu, la sivyo atafungiwa bendeji na baadaye kukatwa mkono.

Ndugu zangu, nitawaambia tukio moja, na kiwanda sitakitaja. Zamu ya usiku, vali moja ya presi iliharibika. Fundi wa mitambo aliibadilisha vizuri kabisa. Vali zilikuwa mbili, moja karibu na nyingine, na plagi zake zinafanana kama mapacha: moja ya kupandisha bamba, moja ya kulishusha. Fundi wa stima hakuwa zamu, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimeona fundi wa stima wa usiku ni gharama. Plagi zikarudishwa, kila moja mahali pa mwenzake. Msimamizi alitaka mbao zianze kutoka kabla ya saa kumi na mbili. Kijana mmoja aliambiwa aondoe kipande cha vinia kilichokwama wakati bamba likifunguliwa. Kitufe cha kufungua kikabonyezwa, na bamba likafunga. Vidole vinne vya mkono wa kulia.

Katika ripoti liliandikwa neno moja: uzembe. Wa nani? Wa kijana. Wawakilishi wetu hawakupiga kelele. Waliuliza swali moja tu, tena kwa barua: baada ya vali kubadilishwa, nani alijaribu mwendo wa presi, na karatasi ya jaribio iko wapi? Karatasi haikuwako. Waliuliza tena: plagi hizi mbili zimetiwa alama gani ya kuzitofautisha? Hazikuwa na alama. Rangi ya shilingi mia chache, na nusu saa ya kazi. Baada ya hapo neno uzembe halikutajwa tena katika barua za kampuni, na madai ya kijana yakaanza kwenda mbele.

Hapo ndipo lilipo shauri letu na waajiri. Hakuna tajiri anayesimama akasema mashine isikaguliwe. Wanachosema ni kwamba muda hakuna. Presi mpya inataka siku kadhaa za kukaguliwa. Vali iliyobadilishwa inataka nusu saa. Mashine iliyolala inataka siku nzima. Muda huu unahesabiwa kuwa hasara, na wafanyakazi wanaolipwa kwa idadi ya mbao au mita za kitambaa wanaona wamekatwa mshahara wao. Kwa hiyo na sisi wenyewe mara nyingine tunamhimiza fundi awashe. Nasema wazi: katika mapatano yetu na kila kiwanda tudai kwamba saa ya ukaguzi ni saa ya kazi, inalipwa kwa wastani wa zamu, na karatasi ya jaribio inatiwa sahihi na fundi na mwakilishi wa wafanyakazi kabla ya mashine kurudishwa.

Sheria haiko mbali nasi katika hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inataka kiwanda chenye watu ishirini au zaidi kiwe na kamati ya usalama. Kifungu cha 14 kinasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale. Basi ukimwambia msimamizi "presi hii haijajaribiwa tangu vali ibadilishwe," hujagoma wala hujakaidi. Umefanya lile ambalo sheria inakuagiza. Mwambie mbele ya mwenzako, uandike saa na tarehe.

(Baada ya hotuba maswali yaliulizwa. Tunatia mawili.)

Mwanachama wa kiwanda cha mbao aliuliza kama kibarua wa siku naye anaweza kudai fidia. Fundi alijibu: Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka 2007 inamtaja mtu aliyeajiriwa kwa mshahara kwa mapatano, haisemi mapatano hayo yawe ya kudumu. Madai yapelekwe katika miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali, msingoje kidonda kipone. Na hata mwajiri akisema mtu alikosa kwa makusudi, sheria haimnyimi fidia aliyepata ulemavu mkubwa, wala watu wa aliyekufa.

Dada mmoja wa kiwanda cha nguo aliuliza afanye nini stima ikipotea katikati ya kazi, kama inavyotokea mara kwa mara wakati wa radi. Fundi alijibu: Ondoa mikono, ondoka mbele ya mashine, bonyeza kitufe chekundu ingawa mashine imesimama. Stima ikirudi, mashine isianze yenyewe; yapasa ingoje mtu aiwashe upya. Kama ya kwenu huanza yenyewe, hiyo imefungwa vibaya, na ni kontakta na kitufe tu vinavyotakiwa kuirekebisha. Mpe mwakilishi wako namba ya mashine hiyo leo kabla hujaondoka hapa.

Wawakilishi wanaotaka nakala ya karatasi ya jaribio la presi waje nayo daftari ofisini kwa katibu, waandike namba za mashine zao zote na tarehe ambayo kila moja ilikaguliwa mara ya mwisho.